Hadithi ya salary imetiwa chumvi

Kwa miaka kama nane hivi nimekuwa nasambaza uongo. Sio uongo wa kumfunga mtu, ni ule uongo mtamu wa kwenye maongezi, yaani mwisho wa mwezi umefika, hela haijaingia, watu wamenuna, mi najifanya mchangamshaji na kuuliza "mnajua neno salary la Kiingereza limetoka wapi?" Wakisema hawajui ndo nafurahi. "Limetoka kwenye chumvi, wanajeshi wa Roma walikuwa wanalipwa kwa chumvi." Hapo kuna mmoja lazima atasema heri wao walipata hata hiyo chumvi, tunacheka, na mi naonekana nimesoma.

Sasa juzi nimeirusha hiyo hadithi mbele ya mpwa wangu, ana miaka kumi na moja, akanisikiliza mpaka mwisho afu akaniuliza, "Anko, sasa chumvi yote hiyo alikuwa anaiweka wapi?"

Nikacheka. Nikamwambia kwenye gunia. Akasema, "na akitaka viatu anampa fundi chumvi? Na fundi anampa chumvi nani?" Nikamwambia aende akalale. Lakini mwenyewe sikulala, jamani, maana kwa miaka yote hiyo sijawahi kujiuliza hata swali moja kati ya hayo, na mtoto amejiuliza yote kabla hata sijafunga mdomo. Basi nikaanza kuchimba.

Nianze na sehemu ambayo ni kweli, maana ipo. Salary ni ya chumvi kweli. Waingereza walilipata karne ya 14 kutoka kwenye Kifaransa kilichokuwa kinazungumzwa na wakubwa wa Uingereza enzi zile, Wafaransa wenyewe mpaka leo wanasema salaire, Wataliano na Wahispania wanasema salario, na wote hao wamerithi neno moja la Kilatini, salarium. Ukilipasua salarium ndani unakuta sal, chumvi, na ule mkia -arium unaosema "kitu kinachohusu". Kwa hiyo salarium ni "kile kinachohusu chumvi". Hapo hakuna ubishi kabisa, kila dikshonari inakubali. Na salt ya Kiingereza ni ndugu yake lakini sio mtoto wake, hiyo imeshuka kwa njia ya lugha za Kijerumani kutoka kwa babu mmoja wa zamani sana, kwa hiyo salt na salary ni mabinamu waliokuja kukutana ukubwani kwenye Kiingereza, kila mmoja na njia yake.

Tatizo linaanza pale mtu anapotoka kwenye "neno linahusu chumvi" na kuruka moja kwa moja mpaka "watu walilipwa chumvi". Huo mruko hauna daraja. Katika maandishi yote ya Warumi yaliyotufikia, na ni mengi, hakuna hata moja linalosema mwanajeshi alipokea mshahara wa chumvi. Hakuna. Mi nilidhani nitakuta angalau mstari mmoja wa kujitetea nao kwa mpwa wangu.

Cha karibu kabisa ni Plinius Mkubwa. Huyu mzee alikuwa kamanda wa jeshi la majini na mwandishi asiyechoka, kaandika ensaiklopidia ya vitabu 37 kuhusu kila kitu chini ya jua, nyota, tembo, rangi, vitunguu, dawa za kuumwa na nge, na mwaka 79 akafa pale volkano ya Vesuvius ilipolipuka. Kwenye kitabu cha 31 anazungumzia chumvi, anaisifia mpaka unaona njaa, anasema maisha ya kistaarabu hayawezekani bila chumvi, kwamba hata neno lao la utani na ucheshi ni hilohilo la chumvi (kweli, Mrumi akisema una sal anamaanisha una vichekesho), afu anapitisha kama utani tu kwamba chumvi imeingia hadi kwenye vyeo na kwenye utumishi wa jeshi, ndiko jina la salaria lilikotoka. Baada ya hapo anarukia kwenye barabara ya Via Salaria, barabara ya chumvi, iliyotoka Roma kuelekea kwa Wasabini, kabila la jirani, na ikaendelea hadi bahari ya Adriatiki. Basi. Sentensi moja. Jeshi limetajwa, chumvi imetajwa, jina limetajwa, lakini soma mara mbili, mara tatu, hajasema popote kwamba mtu alikabidhiwa chumvi akaambiwa hii ndo haki yako ya mwezi. Na hata yeye alikuwa anaongelea mambo ya "watu wa kale", yaani kale kwake, na kwetu yeye mwenyewe ndo kale.

Afu kuna kichekesho hapa. Waingereza wana usemi wao, ukiletewa habari ya kutilia shaka ichukue na punje ya chumvi. Chanzo chake kinaaminika kuwa huyuhuyu Plinius! Kwenye kitabu cha 23 anaeleza dawa ya sumu ya mfalme Mithridates, walnut kavu mbili, tini mbili, majani ishirini ya mmea fulani mchungu, vinapondwa pamoja na kuongezewa punje ya chumvi, ukila asubuhi kabla ya chakula siku hiyo sumu yoyote haikudhuru. Kwa hiyo mzee mmoja katupa hadithi ya chumvi na kijiko cha kuimezea.

Turudi kwenye swali la gunia, maana hilo linajibika kwa hesabu. Karne ya pili kabla ya Kristo kuna mzee mwingine, Cato, mkali na bahili wa kupindukia, aliandika kitabu cha kilimo na ndani yake akaweka kipimo cha kila kitu anachopewa mtumwa wa shambani. Chumvi anasema modius moja kwa mtu mmoja kwa mwaka inatosha. Modius ni karibu lita tisa. Kwa mwaka! Na hapo ni mtu anayefanya kazi juani mchana kutwa. Sasa ruka mpaka mwaka 301, Kaisari Diocletianus kachoka na mfumuko wa bei, anatoa amri ya bei ya juu kabisa ya karibu kila bidhaa na karibu kila kazi, na amri yenyewe ikachongwa kwenye mawe sehemu nyingi za himaya ndo maana tunaisoma mpaka leo. Humo modius ya chumvi, ile kubwa ya kijeshi inayozidi lita kumi, ni denari 100 (denari ni hela ya Kirumi). Ngano nayo modius hiyohiyo ni denari 100. Kibarua wa shambani anapewa denari 25 kwa siku na chakula juu. Piga hesabu mwenyewe: ukimlipa kwa chumvi ni robo modius kwa siku, lita mbili na nusu na zaidi, na siku nne tu za kazi zinampa chumvi ya kumtosha mwaka mzima kwa kipimo cha Cato. Najua kati ya Cato na Diocletianus kuna kama miaka 450, lakini tumbo la binadamu halijabadilika hivyo. Siku ya tano anafanya nini na chumvi? Mwisho wa mwezi? Jeshi zima, maelfu ya watu kambini, kila mmoja ana magunia yake ya chumvi anatafuta wa kumuuzia, na majirani zake wote nao wana magunia ya chumvi wanatafuta wa kumuuzia.

Kwa hiyo pia ile hadithi ndogo inayotembea pamoja na hii, kwamba enzi za Warumi chumvi ilikuwa na thamani sawa na dhahabu, hapana. Ilikuwa na thamani sawa na ngano. Ilikuwa muhimu sana, ndo, serikali iliisimamia, hata kuna mkubwa mmoja aliyeweka ushuru mpya kwenye chumvi mwaka 204 kabla ya Kristo watu wakamwita Salinator, mtu wa chumvi, kwa hasira, mwanahistoria wa Kirumi Livius kaandika hivyo. Lakini muhimu na ghali ni vitu viwili tofauti. Maji ni muhimu.

Sasa wanajeshi walilipwa nini? Pesa. Sarafu. Na malipo yao ya kawaida hata hayakuitwa salarium, yaliitwa stipendium. Enzi za Kaisari Augustus askari wa legio, kikosi kikubwa cha jeshi la Roma, alipata denari 225 kwa mwaka, kwa mafungu matatu ya 75, mpaka Kaisari Domitianus alipoongeza fungu la nne ikawa 300. Stipendium lenyewe linatokana na stips, sarafu au mchango mdogo, na pendere, kupima uzito kwa mizani, maana zamani kabla sarafu hazijakaa sawa shaba ilikuwa inapimwa kwanza ndo unapewa. Na huyo pendere tunaye mpaka leo, pensheni imetoka hapohapo, pensio, kilichopimwa kikalipwa. Kila nikisikia mtu analalamika pensheni yake imepimwa vibaya nawaza, mbona ndo maana halisi ya neno.

Sasa nani alikuwa anapata salarium? Hapa ndo nilipoachama. Wakubwa! Kwenye maandishi ya karne ya kwanza na ya pili salarium linajitokeza sana kwa magavana, maofisa, madaktari, na watu wa karibu na Kaisari. Mwanahistoria Tacitus anasimulia habari za baba mkwe wake Agricola, jemadari aliyeitawala Britania, kwamba alipokataa ugavana wa mkoa (alishauriwa kwa namna ile ya kushauriwa ukiwa huna hiari) Domitianus hakumpa ile salarium ambayo kwa desturi gavana wa ngazi hiyo alipewa, na Tacitus miaka imepita bado kinamuuma, unaona kabisa mkwe anadai kwa niaba ya mzee. Suetonius, mwandishi wa maisha ya Makaisari, naye anasema Kaisari Nero aliwawekea maseneta wa koo kubwa waliofilisika salarium ya kila mwaka, wengine hadi sesterti laki tano. Laki tano! Denari moja ni sesterti nne, kwa hiyo hiyo ni denari 125,000, gawanya kwa 225 za askari unapata wanajeshi 555. Seneta mmoja aliyefulia anapokea posho ya mwaka inayolipa wanajeshi mia tano hamsini na tano, na sisi tunatembea tunasema salary ilianzia kwa mwanajeshi maskini na kifurushi chake cha chumvi. Baadaye kweli hata askari waliomaliza muda wao wakabakizwa kazini walipewa kitu kinachoitwa salarium, lakini nao ni pesa, sio chumvi.

Nimesema posho na sikusema kwa bahati mbaya. Hebu fikiria neno posho. Posho ni chakula, ni kile kipimo cha unga anachopewa mtu wa kazi au wa safari, na mpaka leo kuna wanaolitumia hivyohivyo kwa maana ya unga. Lakini mtu akikwambia mbunge kalipwa posho ya kikao, kuna anayewaza kwamba kabebeshwa unga? Hakuna. Neno limebaki, unga umeondoka, zimeingia noti. Au mtu anakupa hela anakwambia ya soda hiyo, nawe unalipia nayo umeme. Wajerumani bakshishi wanaiita Trinkgeld, hela ya kunywa, Wafaransa wanaiita pourboire, ya kunywea, na mhudumu anaweza kuwa hanywi kabisa. Jina la malipo linasema hela hii eti ni ya nini. Halisemi imetengenezwa na nini.

Na Warumi walikuwa na ukoo mzima wa majina ya namna hii, hiki ndo kitu ambacho kingeniokoa miaka minane ningekijua mapema. Kulikuwa na vestiarium, ya nguo. Kulikuwa na congiarium, kutoka congius, kipimo cha lita tatu na kitu cha mafuta au mvinyo, mwanzo wakubwa waligawa kweli mafuta na mvinyo kwa raia, baadaye ikawa sarafu na jina likabaki lilelile. Kulikuwa na clavarium, kutoka clavus, msumari, yaani hela ya misumari ya kwenye soli za viatu vya askari, Tacitus anaitaja wanajeshi wakiidai kwa kelele katikati ya vita ya wenyewe kwa wenyewe ya mwaka 69, na anaeleza wazi kwamba hilo ni jina la zawadi ya fedha. Mbona hatusemi wanajeshi wa Roma walilipwa misumari? Kwa nini chumvi tu ndo tumeichukua neno kwa neno?

Na kuna calcearium, hela ya viatu. Hii lazima niisimulie hata kama inanitoa njiani. Kulikuwa na kikosi cha wanamaji waliokuwa wanatumwa kwa miguu kutoka miji ya bandari ya Ostia na Puteoli kwenda Roma, kwa zamu, njia ndefu, viatu vinaisha, wakamwendea Kaisari Vespasianus wakaomba wawekewe calcearium. Vespasianus alikuwa mchoyo maarufu, huyu ndo aliyetoza kodi mkojo wa vyooni. Suetonius anasema aliona kuwafukuza bila jibu haitoshi, akaamuru kuanzia leo mtakuwa mnakimbia peku. Na wakawa wanakimbia peku kweli mpaka wakati Suetonius anaandika. Sina la kuongeza hapo. Kila aliyewahi kuomba posho ya usafiri akarudi na barua ya onyo anaelewa.

Basi salarium ikae hapo na ndugu zake, hela ya viatu, hela ya misumari, hela ya nguo, hela ya chumvi. Mi nikilitazama hivyo naliona neno la adabu tu, la kupunguza makali ya kusema "chukua pesa", hasa kwa mtu mkubwa ambaye kwa heshima ya Kirumi hakutakiwa kuonekana anafanya kazi kwa ujira. Ujira ni wa vibarua. Gavana hapewi ujira, gavana anapewa kidogo cha chumvi. Laki tano za chumvi.

Sasa mwanajeshi na gunia lake wametoka wapi? Sio Warumi waliotudanganya, ni sisi wa juzijuzi. Kuna dikshonari kubwa ya Kilatini na Kiingereza iliyotoka mwaka 1879, wanafunzi wa Kilatini bado wanaitumia, na kwenye salarium inasema mwanzoni ilikuwa pesa waliyopewa wanajeshi kwa ajili ya chumvi. Ona, pesa. Ya kununulia. Hata hilo lenyewe ni kukisia kutoka kwenye ile sentensi moja ya Plinius, lakini angalau ni kukisia kwenye akili. Afu likapita mdomo kwa mdomo, wakadondosha "pesa", wakadondosha "kwa ajili ya", ikabaki wanajeshi na chumvi. Pembeni Waingereza wana usemi mwingine wa kumsifu mfanyakazi kwamba anastahili chumvi yake, usemi wa karne ya 19 tu, lakini mtu akiusikia anadhani umetoka kwa Julius Caesar mwenyewe, na hadithi inazidi kunenepa. Kwa Kiswahili chetu tuna neno zuri kabisa la kitendo hiki. Hadithi imetiwa chumvi. Sidhani kama kuna lugha nyingine inayoweza kuisema vizuri kuliko hivyo, na mi nimechelewa miaka minane kuiona.

Kuna wanaoenda mbali zaidi wanakwambia hata soldier imetoka kwenye chumvi, eti sal dare, kutoa chumvi. Hii ni mbovu kabisa wala haina pa kushikia. Soldier, ambaye mtaani tunamwita soja, katoka kwenye solidus, sarafu ya dhahabu ya Kaisari Constantinus ya mwanzoni mwa karne ya 4, zinatoka 72 kwenye ratili moja ya Kirumi ya dhahabu. Solidus maana yake imara, nzima, isiyo na uwazi ndani, sarafu ya kuaminika baada ya miaka mingi ya sarafu zilizochakachuliwa. Kwenye Kifaransa cha zamani ikawa neno la malipo, afu anayepokea malipo hayo akawa soudier, na Waingereza wakaja kulirudishia ile L. Kwa hiyo soja ni mtu wa kulipwa, jina lake lina dhahabu ndani, na tumemnyang'anya dhahabu tukampa chumvi. Na Wataliano hela wanaiita soldi mpaka leo, wala hawamkumbuki Constantinus.

Ukitaka watoto halisi wa sal waliozaliwa na chumvi ya kweli ya jikoni wapo, tena umewala. Sosi: salsa, iliyotiwa chumvi. Saladi: salata, majani yaliyowekewa chumvi. Soseji: salsicia, nyama ya chumvi. Salami wala haijifichi. Hao wote wameingia Kiswahili kwa mlango wa Kiingereza na wengine wamebadilika sura kiasi kwamba ukiweka sosi na saladi pamoja hujui kama ni ndugu, na salary ni ndugu yao wa damu aliyepata kazi ofisini.

Sisi wenyewe lakini hatukuwa na haja naye, tuna mshahara, na mshahara hauna chumvi hata punje. Umetoka Kiarabu, kwenye shahr, mwezi, mushahara ni malipo ya mwezi kwa mwezi. Napenda sana hii tofauti. Ulaya neno limeshikilia hela ni ya nini, kwetu neno limeshikilia inakuja lini, na kwa jinsi watu wanavyohesabu siku naona neno letu linajua zaidi kinachouma. Kwa hiyo mtu akisema mshahara wa wiki, kwa asili ya neno amesema malipo ya mwezi ya wiki, ila tumsamehe, tumeshazoea.

Nimemrudia mpwa wangu na jibu. Nimemwambia hakukuwa na gunia, kulikuwa na sarafu, na sarafu zenyewe wengine hawakuziona. Maana kuna kipande cha mafunjo kilichofukuliwa Masada, ngome ya zamani karibu na Bahari ya Chumvi, kule walikopiga kambi wanajeshi wa Roma miaka ya 70 ya karne ya kwanza, na ni salari slipu, sijui niiteje vingine. Ya jamaa anaitwa Gaius Messius, mwenyeji wa Beirut. Kapokea stipendium, denari 50. Makato: shayiri 16, na pengine hiyo ilikuwa ya mnyama wake. Chakula 20. Viatu 5. Mikanda ya ngozi 2. Kanzu ya kitani 7.

Mpwa akachukua kalamu akajumlisha, akarudia, akaniangalia. "Anko, hajabaki na kitu."

Nikamwambia ndo hivyo. Akaipitia tena ile orodha kwa kidole, shayiri, chakula, viatu, mikanda, kanzu, akaniuliza sasa mbona chumvi haipo.